Sita na Nusu

Suva, 3 Machi 1996

Kwako shemeji yangu, mla papa, mtu wa mchanga,

Hujambo? Huko bado pakavu, au unasoma barua hii maji yakiwa magotini? Sisi huku wazima. Dada yako Meere amenenepa, usimwambie nimesema. Mama yangu miguu inamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote, na Mama Losana mdomo ukiwa mzima basi yeye mzima.

Sasa sikiliza. Juzi nimepewa faili ofisini. Serikali yenu inataka kununua shamba la Waisere kutoka kwa serikali yetu, mkutano wa kukubaliana bei utakuwa hapa Suva mwezi wa Mei. Nikasoma majina ya wajumbe wenu. Namba mbili: T. Bwaitara. Lo! Nilicheka mpaka karani akaja kuuliza kama nimefiwa. Maana kwa upande wetu namba mbili ni mimi.

Fikiria, Tiaon. Miaka ishirini na mbili iliyopita bweni moja, kitanda changu na chako vimegusana, ulikuwa unaniibia sabuni. Halafu nikaja kwenu likizo nikakuibia dada. Leo nchi mbili nzima zinatutuma tukabane koo juu ya ekari elfu tano.

Mimi nashauri hivi. Mezani, wewe ni Bwana Bwaitara na mimi ni Bwana Dakuna, hatujuani. Lakini Jumapili uje nyumbani, ukae kwenye mkeka wangu, tunywe kava yetu ya mizizi, tutukanane kama kawaida yetu ya mashemeji. Neno la mkekani libaki mkekani. Babu zangu walikula watu, sikatai, lakini hata wao hawakumla aliyekwisha kaa kwenye mkeka wao.

Na jambo moja ulijue mapema usije ukasema nilikuficha. Waisere ni kwao mama. Babu yake aliletwa na meli kutoka Visiwa vya Solomoni kupanda minazi ya Wazungu, akafia pale. Wazao wa walioletwa wako kaya thelathini, hati ya ardhi hawana, walichonacho ni mihogo bondeni na makaburi arobaini kilimani. Mama anayataja yote arobaini kwa majina bila kukosea. Nimeanza kuwashughulikia huku wizarani, nitakueleza tukionana.

Njoo na asali ya tembo la mnazi, Meere anaililia. Na usije na miguu mitupu, huu ni mkutano wa kimataifa.

Shemeji yako,
Apisai


Tarawa, 19 Machi 1996

Kwako shemeji, mjukuu wa wala watu,

Barua yako imefika ikiwa kavu, kwa hiyo ujue nchi bado ipo. Mimi sijambo, mke wangu hajambo, watoto kelele tu. Nafurahi mama ana mdomo. Mwambie namwogopa zaidi yeye kuliko ujumbe wenu mzima.

Umecheka faili? Mimi sikucheka. Nimerudi juzi kutoka Nonouti kumwona baba. Lile shimo lake la magimbi, alilochimba babu yake kwa kombe la bahari, bahari imeingia tena. Gimbi analing'oa limeoza, na lile lisilooza ukiliuma ni chumvi. Baba alikaa ukingoni akaosha mikono, akaniuliza: "Hiyo ardhi mnayokwenda kununua, udongo wake mweusi?" Nikamwambia mweusi. Akasema basi msirudi bila huo udongo. Sasa mtu ukiambiwa hivyo na baba yako, Apisai, utani unakwisha kidogo.

Hela zetu unazijua. Ni za samaki na za leseni za meli za watu, basi. Bei ya tisa milioni mliyoitaja ni ya wehu. Mnauza nyasi na mawe, na minazi imezeeka kuliko mama yako.

Kuhusu mkeka nimekubali. Jumapili mkekani, Jumatatu mezani, na mpaka katikati. Nimeshonesha koti jeusi kwa fundi wa Betio, vifungo vinne, kitambaa kizito. Fundi alisema Suva nitafia humo kwa joto. Nimemwambia nikifa nizikwe nalo.

Asali naleta chupa mbili. Moja ya Meere, moja ya mama. Wewe utanusa kizibo.

Shemeji yako,
Tiaon


Tarawa, 2 Juni 1996

Kwako shemeji yangu Apisai,

Salamu nyingi. Natumaini nyote hamjambo, na miguu ya mama imepata nafuu. Sisi tulifika salama, ndege ilitikisika kidogo tu.

Hukuja uwanja wa ndege. Meere alisema una kazi nyingi. Nikasema sawa.

Huku tumepokewa, we! Ukumbi wa maneaba ulijaa mpaka watu wakasimama nje. Wazee wametuvika mashada, wamecheza, nguruwe wanane wamechinjwa. Spika ya ukumbi ikatangaza kwamba tulikwenda na mpango wa kulipa milioni nane tukarudi na ardhi ile ile kwa sita na nusu. Kiongozi wa msafara mzee Kaiea akainua mkono wangu juu, akasema, "Huyu ndiye aliyetaja bei." Baba alisafiri kwa meli kutoka Nonouti kuja kuona. Analia, anacheka.

Apisai, najua unafikiria ile Jumapili. Hata mimi naifikiria. Tulikuwa tumekwama wiki nzima, ninyi nane, sisi tano na nusu. Tukala kwako, tukanywa, mama akanicheka koti, akasema limenifanya kama mchungaji aliyekimbia na sadaka. Mimi nikakutania kwamba kwa nane milioni ungeuza hata mama yako. Na wewe ukacheka ukasema, "Mama yangu bei yake inaanzia sita na nusu. Hapo serikali yangu imekwisha kutosheka. Kinachozidi hapo nimekiombea wizarani na nimekubaliwa, ni cha watu wa Waisere kununua ardhi yao yenye hati." Tukacheka wote. Mama ndiye aliyecheka zaidi.

Jumatatu nikasema sita na nusu, nikafunga faili. Kiongozi wenu akagonga meza kwa furaha kabla hujafungua mdomo.

Lakini sisi ni watani, sivyo? Mtani akiingia kwa mtani akachukua kuku, huyo hajaiba. Ndivyo tulivyofanyiana miaka yote. Nami nilichukua kuku. Ukija huku nawe utachukua wako, utuchinjie hata nguruwe, hakuna atakayekuuliza.

Nijibu basi. Hata matusi.

Shemeji yako,
Tiaon


Suva, 30 Juni 1996

Tiaon,

Sisi wazima.

Unasema ulichukua kuku. Kuku ni wangu, Tiaon. Sabuni ilikuwa yangu. Suruali yangu ya gwaride uliyoivaa ukaichana ilikuwa yangu, na sikusema neno. Mtani huchukua cha mtani wake. Ulichochukua wewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha watu kaya thelathini ambao hujawahi hata kuwatania.

Nilihangaika miezi miwili kupata saini ile. Nilimwambia mkubwa wangu: tutimize sita na nusu ya serikali, kila dola inayozidi iende Waisere. Akakubali kwa sababu alijua mtaishia nane. Kila mtu alijua mtaishia nane. Mlikuwa mmekwisha kupanga kulipa nane! Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba hela ilikuwepo.

Na unajua kwa nini sikufungua mdomo pale mezani? Ningesemaje? "Mheshimiwa, huyu bwana bei hii kaisikia kwangu jana tukinywa kava"? Ningefukuzwa kabla chai haijaletwa. Ulijua sitaweza kusema. Ulinifunga mdomo kwa neno langu mwenyewe, halafu ukaangalia dirishani. Niliona. Hukuniangalia mimi, uliangalia dirishani.

Mama hajui bado. Kila siku ananiuliza ile ardhi yao mpya iko upande gani, kama ina mto.

Meere anakusalimu. Mimi sina salamu.

Apisai


Tarawa, 21 Julai 1996

Kwako shemeji yangu, na naomba uniache nikuite hivyo,

Sikuulizi habari za afya maana najua hutanijibu. Nawaombea uzima.

Barua yako nimeisoma chooni ili mke wangu asinione. Kila neno ni kweli. Niliangalia dirishani. Kulikuwa na mtu anapunguza nyasi, namkumbuka hadi kofia yake.

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, nimeyaandika nikayachana. Kwamba nchi yangu maskini. Kwamba shimo la baba limeingia chumvi. Kwamba milioni moja na nusu ile itanunua matangi ya maji ya mvua kwa visiwa kumi. Yote ni kweli pia. Lakini usiku ule wa Jumapili, nilipotoka kwako, kwenye teksi sikufikiria matangi. Nilifikiria uso wa mzee Kaiea nitakapomshangaza. Nilitaka niwe mimi niliyetaja bei. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Sasa nakuomba kitu, Apisai, na ni kigeni kwenu, ila Meere atakueleza. Sisi tuna bubuti. Ndugu akikuomba kitu kwa bubuti, mtumbwi, shamba, hata mtoto wa kulea, hukatai. Ukikataa ni aibu kubwa kuliko wizi. Watu wa nje wanafikiri bubuti ni mzigo kwa anayeombwa. Siyo hivyo tu. Mtu akikukosea, halafu siku moja ukaenda kwake ukamwomba kitu, amepona. Anajua bado mnahesabiana ndugu. Ambaye haombwi kitu na mtu yeyote, kwetu huyo ni maiti inayotembea.

Basi niombe. Niombe chochote nilicho nacho. Boti yangu yenye mashine. Kipande changu cha ardhi Nonouti, ni hatua sitini toka bahari mpaka bahari lakini ni changu. Niombe kitu kinachouma, nitatoa.

Natuma chupa mbili za asali ya tembo na rubani anayekuja Ijumaa. Ya mama nimefunga kitambaa chekundu.

Shemeji yako,
Tiaon


Tarawa, 10 Novemba 1996

Kwako Apisai,

Hii ni barua ya nne bila jibu. Labda posta, labda siyo posta.

Meere ameniandikia mistari miwili: umeacha kazi wizarani, mmehamia Waisere kwao mama, na nisikusumbue. Hakusema asali ilifika.

Mimi nimepandishwa cheo. Nimefanywa mwenyekiti wa kamati ya shamba la Waisere. Yaani ramani ya ardhi ile imelala juu ya meza yangu kila siku, kilima kimechorwa kwa mistari myembamba ya kahawia, na mtu aliyeichora hakuweka kaburi hata moja. Wapimaji watakuja Januari kupiga vigingi. Nilitaka usikie kwangu kabla ya kuwaona.

Kanisani wameniomba niongee na vijana juu ya uaminifu kazini. Nilikwenda, Apisai. Nilivaa koti, nikaongea dakika arobaini, wakapiga makofi.

Huna cha kuniomba kweli? Hata sabuni?

Tiaon


Kamati ya Wakazi,
Waisere,
14 Februari 1997

Mheshimiwa T. Bwaitara,
Mwenyekiti, Kamati ya Shamba la Waisere,
Tarawa.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTENGEWA KILIMA CHA WAISERE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, kamati yetu inaleta ombi kwamba kilima cha Waisere, pamoja na nyumba thelathini zilizopo chini yake na bonde la mihogo lililo upande wa mashariki, viachwe nje ya mpaka wa shamba lililonunuliwa na serikali yako tukufu.

Sababu za ombi ni kama ifuatavyo. Wakazi hawa wameishi hapo kwa vizazi vinne na hawana ardhi nyingine. Kilimani yapo makaburi arobaini na moja ya wazee wao. Kigingi namba kumi na tisa cha wapimaji kimepigwa hatua tatu kutoka kaburi lililo karibu zaidi.

Kamati inatambua kwamba bei ililipwa kihalali na hati imesainiwa na pande zote mbili. Kamati haina dai lolote la kisheria.

Mheshimiwa, ombi hili limeandikwa kwa utaratibu wa kawaida wa kiofisi. Ofisi yako ina uhuru kamili wa kulikataa.

Tunakutakia afya njema na mafanikio katika kazi za ujenzi wa taifa.

Wako mtiifu,
A. Dakuna
Katibu


Tarawa, 9 Machi 1997

Apisai,

Barua yako niliipokea mbele ya karani, nikaisoma kwa sauti kama barua nyingine za ofisi. Karani akasema, "Huyu bwana anaandika vizuri." Nikamwambia ndiyo, tulisoma naye.

Miaka ishirini na mitatu hujawahi kuniita Mheshimiwa. Nimeitwa mwizi, mla papa, kichwa cha pweza, na kila mara nilijua niko nyumbani. Nilifika kwenye "ina uhuru kamili wa kulikataa" nikaelewa. Umeniomba hatimaye, na umeniomba kwa njia inayokatalika, kama anavyoombwa mtu baki. Sikulaumu.

Halafu nikarudia kuisoma, ndipo nikaliona. Arobaini na moja.

Mwaka jana uliandika arobaini. Ninayo barua, nimeitoa kwenye sanduku nimehakikisha. Arobaini, na mama anayataja yote kwa majina.

La arobaini na moja ni la nani, Apisai?

Usinijibu. Nimempigia simu Meere kupitia duka la Wahindi kule njia panda, nimesubiri saa nzima wakamwite. Mama Losana alifariki tarehe saba Januari. Mmemzika mapema asubuhi kwa sababu wapimaji walikuwa wanaanza kazi siku ile, mlitaka awe amekwisha kulala kabla hawajafika na nyundo zao.

Na mimi sikuambiwa. Mimi mtani wake! Msiba gani unakosa mtani? Nani alilala kaburini akadai kilemba? Nani aliwachekesha? Mimi ndiye niliyekuwa nifanye hivyo, alinipa kazi hiyo mwenyewe akiwa hai, mbele yako. Najua kwa nini hamkuniita. Mtani aliyefanya nilichofanya hana tena mzaha wa kuuleta msibani.

Alijua? Kabla hajafa, alijua kuhusu ile bei? Meere hakutaka kuniambia, simu ikakatika.

Ombi lenu nalipeleka mwenyewe. Lakini baraza watauliza swali moja: kwa nini tuwape bure tulichonunua? Na jibu la kweli la swali hilo ni moja tu, ninalo mimi.

Tiaon


Tarawa, 28 Aprili 1997

Apisai,

Nimesema.

Nilikwenda nimevaa lile koti. Nilimwambia waziri, mzee Kaiea akiwa amekaa pembeni yake, kwamba sita na nusu haikutoka kichwani kwangu. Ilitoka kwenye mkeka wa shemeji yangu, nikiwa nimeshiba chakula cha mama yake. Na kwamba kilichobaki mfukoni mwetu kilikuwa ni ardhi ya watu wale. Waziri akauliza, "Kwa hiyo ulitaka tulipe nane?" Swali hilo nalala nalo mpaka leo, Apisai. Nchi yetu kweli haina hela, na matangi kweli yamefika, nimeyaona bandarini, ya plastiki, meusi, mia tatu.

Mzee Kaiea hakunigombeza. Alisema, "Ningekuwa najua, nisingekuinua mkono." Basi, akatoka.

Uenyekiti wameuchukua. Kazi nimesimamishwa. Sitaki unionee huruma, nakueleza tu jinsi ilivyokwenda.

Nilipanda meli kwenda Nonouti kumwambia baba kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anasuka mkeka wa majani ya mkadi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mama, ulikula kwake?" Nikasema nilikula. "Alikupakulia yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Siku mbili alisuka mkeka wake akiwa amenipa mgongo. Siku ya tatu akaniambia nirudi Tarawa, watu wa kisiwani wasije wakanikuta nyumbani kwake wakaona aibu kumtembelea.

Ombi lenu limejibiwa jana. Kilima na nyumba vitaachwa nje ya mpaka, hati itaandikwa kwa jina la wakazi. Bonde la mihogo hapana, wanalihitaji kwa magimbi yetu. Nilipigania na bonde, sikusikilizwa, na sauti yangu sasa haina uzito. Nadhani kilichowagusa ni makaburi. Huku kwetu bahari imeanza kuyachukua, mwaka jana huko Tebunginako watu waliokota mifupa ufukweni. Kila mjumbe alikuwa na kaburi lake moyoni.

Siombi msamaha. Nimeona kwamba nikiomba, kazi ya kujibu inakuwa yako, na kazi zako ni nyingi.

Tiaon


Waisere, 7 Septemba 1997

Kwako wewe mla papa, mwizi wa kuku asiyejua kuku ni nini,

Hujambo? Nasikia huna kazi, unavua samaki. Nawahurumia samaki. Sisi huku wazima. Meere anakohoa kidogo, mimi magoti yameanza kuuma kama ya mama.

Wapimaji wamerudi mwezi uliopita. Kigingi namba kumi na tisa wamekitoa, wamekipeleka kule chini ng'ambo ya kijito. Hati imekuja, ina muhuri mwekundu, tumeiweka kanisani kwa sababu ndipo penye bati lisilovuja. Bonde limekwenda. Kaya thelathini sasa tunalima mihogo kwenye mteremko, kati ya mawe, na nguruwe wa msituni wanashuka alfajiri kula hata hiyo kidogo. Nakueleza ili ujue bado inauma. Mtoto anayelala njaa huku, njaa yake ina jina lako na jina langu, maana mdomo uliosema sita na nusu ulikuwa wangu.

Sijakusamehe. Jumapili tatu nimekaa kanisani nikijaribu, haikuja. Ikija nitakuandikia.

Uliuliza kama mama alijua. Alijua. Nilimwambia mwezi wa Desemba, alikuwa anakunywa chai na ile asali yako, chupa ya kitambaa chekundu. Nilidhani ataitupa. Akakoroga, akanywa yote. Akasema, "Yule wa koti? Si nilisema ni mchungaji aliyekimbia na sadaka. Mwambie alirudishe hilo koti." Akacheka peke yake, mimi nilikuwa nalia. Kisha akauliza tena kama ulikuwa unakula vizuri huko kwenu.

Sasa sikia. Nimemuuliza Meere mambo ya bubuti, amenifundisha namna ya kusema. Nakuomba, kwa bubuti: nataka koti. Lile lile la siku ya saini, na vifungo vyake vinne. Nitasimika mti katikati ya mihogo niuvike, nguruwe wakimwona mtu wa serikali watakimbia. Na usithubutu kulituma kwa posta. Ulivae, utoke nalo huko kwenu limefungwa vifungo vyote, ushuke nalo Suva, upande nalo meli ya kuja huku, upite nalo kijijini mchana jua likiwa utosini, kila mtu akuone na akuulize ni la nini, nawe umjibu kila mmoja kwa mdomo wako. Ukifa kwa joto shauri yako, fundi alikwambia.

Ukinikatalia, wewe ndiye uliyesema ni aibu kuliko wizi.

Lakini usilipeleke moja kwa moja shambani. Panda kwanza kilimani. La arobaini na moja liko mkono wa kulia, udongo wake bado mwekundu, na mtani wake hajafika mpaka leo. Anzia hapo.

Shemeji yako,
Apisai